Mchezo wa Kuvuta Kamba: Habari Zake na Mafundisho Yake

Katika michezo yote ichezwayo uwanjani siku ya sikukuu, hapana ulio mwepesi kufahamika kama kuvuta kamba. Mpira wataka miguu myepesi, mbio zataka pumzi, na kuruka kwataka ujana. Lakini kamba haimkatai mtu. Baba mzito wa mwili, ambaye kwa miaka mingi hakukimbia, hupata nafasi yake ya heshima. Mama hushika pamoja na binti yake. Na kijana asiyejua kupiga mpira huweza kuwa nguzo ya upande wake. Tena mchezo huu una habari ndefu, za fahari, za ugomvi na za msiba. Tumeona vema kuzisimulia, kwa kuwa ndani yake mna jambo liwapasalo kulijua wote watengenezao michezo ya jamaa na ya watoto.

Mwaka 1900 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Paris, na kuvuta kamba kukahesabiwa humo pamoja na mbio na kuruka. Kikosi kilichoshinda kilikuwa cha watu sita, watatu wa Denmark na watatu wa Uswidi. Mmoja wao, jina lake Edgar Aabye, alikuwa mwandishi wa gazeti aliyekwenda kuandika habari za michezo. Kikosi kilipopungukiwa na mtu mmoja, yeye aliombwa kujaza nafasi. Akaweka kalamu chini, akashika kamba, akarudi kwao hali ni mshindi.

Mwaka 1908 michezo ilikuwa London, na vikosi vitatu vya Uingereza vikachukua nafasi zote tatu za kwanza. Vyote vilikuwa vya askari polisi. Lakini siku hizo hazikupita kwa amani. Wamarekani walipovutwa upesi na polisi wa Liverpool, walilalamika kwamba viatu vya wale askari vilikuwa vizito mno, navyo viliishika ardhi kupita kiasi. Waingereza wakajibu kwamba ndivyo viatu vyao vya kazi ya kila siku. Wamarekani hawakuridhika, wakajitoa. Wazee wetu husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza ya kwamba afadhali mambo ya viatu yapatanwe kabla kamba haijashikwa.

Mwaka 1912, katika mji wa Stockholm, vikosi viwili tu vilivutana, na wenyeji wakawashinda Waingereza. Mwaka 1920, huko Antwerp, Waingereza walishinda, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa mchezo huu kuwa katika Olimpiki. Mtu angedhani ya kuwa ulikufa. Sivyo, ulibaki kwa watu wake wa tangu zamani, wakulima, askari na wanafunzi. Mwaka 1960 kiliundwa chama cha mataifa cha kuusimamia. Hata hapa kwetu haukusahauliwa: watumishi wa serikali ya Tanzania hushindana kwa kamba katika michezo yao iitwayo SHIMIWI, na wabunge wa nchi za Afrika Mashariki hufanya vivyo hivyo wakutanapo kwa michezo yao.

Sasa natuangalie jambo moja la ajabu. Karibu na mwisho wa karne ya 19 alikuwako Ufaransa mtaalamu wa kilimo, jina lake Max Ringelmann, aliyepima nguvu za wanyama, za mashine na za watu wakifanya kazi. Aliwapa watu kamba wavute, mmoja mmoja na kwa makundi, akapima. Sote tungetazamia ya kwamba watu wanane watavuta mara nane ya mtu mmoja. Haikuwa hivyo! Kadiri kundi lilivyokua, ndivyo sehemu ya kila mtu ilivyopungua. Na katika hesabu alizoziandika, wanane wakiwa pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu zake. Habari hizi zilipigwa chapa mwaka 1913.

Sababu ni nini? Kwanza, watu hawavuti kwa wakati mmoja. Huyu avuta, yule avuta pumzi. Lakini iko sababu nyingine iliyo ndani ya moyo. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani waliwafunga watu macho kwa kitambaa, na nyuma yao wakasimama wengine waliojifanya kuvuta, kumbe hawakuvuta. Yule aliyefungwa macho, akidhani ana wenzake, alivuta kwa nguvu chache kuliko alipojua yu peke yake. Basi umoja ni nguvu, ni kweli. Lakini wingi si umoja. Watu wengi walioshika kamba moja huweza kuwa kila mmoja anamtegemea mwenzake.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Kundi likiwa kubwa mno, kila mtu huvuta kidogo, lakini kamba haina wa kumtegemea. Hiyo hubeba mzigo wa wote. Mwaka 1978, karibu na mji wa Harrisburg huko Marekani, wanafunzi zaidi ya 2,000 walivuta kamba moja ya nailoni. Kamba ilikatika. Wengi waliumia, na wengine wakakatika vidole. Mwaka 1997, mjini Taipei, watu zaidi ya 1,600 walikuwa wakivutana siku ya sikukuu; kamba ikakatika, na wanaume wawili wakapotewa kila mmoja na mkono wa kushoto, hata waganga wakawaunganishia tena. Kamba ivutwayo sana hunyooka na kuweka nguvu ndani yake. Ikikatika, nguvu hiyo yote hurudi kwa nguvu mno, kama upinde ulioachiwa. Watu hawa hawakuja kupigana; walikuja kufurahi. Kilichowaponza ni kutaka kundi kubwa kuliko kamba iwezavyo kubeba.

Linganisheni na watu wa Gijisi, huko Korea ya Kusini. Wao husokota kamba zao kwa majani makavu ya mpunga, zikawa nene ajabu, uzito wake kiasi cha tani 40. Yaani huitengeneza kamba kwanza ilingane na watu. Kisha vijiji vya juu huvutana na vijiji vya chini. Desturi yao yasema, vijiji vya juu vikishinda, nchi itapata amani. Vya chini vikishinda, mavuno yatakuwa mema. Basi ni nani aondokaye uwanjani hali amepata hasara? Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliandika michezo ya namna hii ya Korea, Vietnam, Kambodia na Ufilipino katika urithi wa wanadamu wote.

Kwa hiyo, ninyi mtengenezao michezo ya watoto na jamaa, shikeni haya. Wawe wanane kila upande, kama ilivyo desturi ya mashindano, na uzito wa pande mbili ukaribiane. Wachanganyeni wakubwa na wadogo. Kamba iwe nene, nzima, isiyo na fundo wala kitanzi. Mtu yeyote, na mtoto zaidi, asiizungushe mkononi wala kiunoni. Aishike kwa viganja tu. Uwanja uwe wa majani, pasipo mawe. Mmoja asimame kando na kupaza sauti, ili wote wavute pamoja, wala asiwepo wa kujificha nyuma ya mwenzake. Tena mkataze kabisa mzaha wa kuiachia kamba ghafla, maana walio upande wa pili huanguka kwa kishindo.

Mkifanya hivyo, watoto wenu watajifunza kwa mikono yao jambo ambalo maneno mengi hayalifundishi: ya kwamba kila aliyeshika kamba yampasa kuvuta kana kwamba yu peke yake, na kusikiliza kana kwamba wote ni mtu mmoja.