Mavazi ya watu wa Kongo katika karne ya 16: namna ya kuwavika wachezaji wetu

Katika seminari na parokia zetu watu wanapenda michezo ya historia. Ikifika sikukuu ya msimamizi au mwisho wa mwaka wa masomo, vijana wanatafuta jambo la zamani la kucheza mbele ya wazazi na wakristu. Kati ya mambo hayo, historia ya Ufalme wa Kongo inafaa sana: ubatizo wa Mfalme Nzinga a Nkuwu mwaka 1491, utawala wa mwana wake Afonso, na kurudi kwa Henrique, mwana wa Afonso, ambaye Papa Leo X alimtaja kuwa askofu wa Utica mwaka 1518.

Maneno ya mchezo yanaandikwa upesi. Shida inakuja pale wachezaji wanapouliza: «Padri, tuvae nini?» Na swali hili si dogo. Mchezaji hajafungua kinywa bado, na nguo yake imekwisha kusema. Watoto waliokaa chini mbele watasahau maneno ya mfalme. Hawatasahau ginsi walivyomwona.

Basi tunaona hatari mbili. Ya kwanza ni kuwavika watu wa Kongo nyasi kiunoni na ngozi ya chui begani, wote namna moja, kama katika picha za vitabu vile vilivyotaka kuonyesha kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Ya pili ni kuwavika wote kama Wareno, kana kwamba heshima yao ilianza siku walipopokea koti. Njia zote mbili zinadanganya watu. Tena zinadanganya kwa uongo mmoja: kwamba Mwafrika hakuwa na nguo yake mwenyewe.

I. Mashahidi wetu

Historia haijengwi kwa mawazo matupu. Sherti tuulize mashahidi. Wa kwanza ni Rui de Pina, mwandishi wa wafalme wa Ureno, aliyeandika habari za safari ya 1491 kama wasafiri walivyozileta. Wa pili ni Duarte Pacheco Pereira, baharia, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16. Wa tatu ni Duarte Lopes, mfanyabiashara Mreno aliyefika Kongo mwaka 1578. Yeye alimsimulia Mwitalia Filippo Pigafetta mambo aliyoyaona, na kitabu chao kikatoka Roma mwaka 1591.

Hawa wote ni wageni, na kila mgeni anaona kwa macho ya kwao. Lakini mgeni akisifu kazi ya mikono ambayo si ya inchi yake, tunaweza kumsadiki. Zaidi ya hayo, vitambaa vyenyewe vinashuhudia. Vichache vilivyofumwa Kongo katika karne ya 17 vinahifadhiwa hata leo katika nyumba za makumbusho huko Ulaya, kama vile Copenhagen na London.

II. Nguo ya rafia

Nguo ya inchi ilikuwa ya rafia, mti ulio ndugu wa mchikichi. Mfumaji anachukua jani changa kabla halijafunguka, anaondoa ngozi yake nyembamba ya juu, anaikausha na kuipasua kuwa nyuzi. Nyuzi hizi hazisokotwi kama pamba. Kwa hiyo urefu wa kitambaa unafuata urefu wa jani, na kila kipande kinakuwa kidogo. Mtu akitaka nguo kubwa, anashona vipande vingi pamoja.

Kulikuwa na kitambaa kigumu cha watu wote, na kulikuwa na kitambaa cha wakubwa. Katika hiki cha pili fundi alipitisha nyuzi nyingine kati ya zile za kwanza, akazikata fupi kwa kisu na kuzisugua mpaka zikasimama laini kama veluru. Pacheco Pereira alivishangaa vitambaa hivi, akavilinganisha na vile vizuri vya Italia. Na Italia wakati ule ilisifiwa Ulaya nzima kwa hariri na veluru zake.

Sisi tunaokaa mashariki ya inchi tusiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Ni kweli, Mbanza Kongo ni mbali nasi, na mji ule leo uko ndani ya Angola. Lakini rafia ilifumwa pahali pengi katika Kongo yetu. Wakuba wa Kasai wanajulikana ulimwenguni kote kwa veluru yao ya rafia, na Wasongye nao walikuwa wafumaji hodari. Anayetaka kujua nguo ya Mfalme Afonso ilionekanaje, aanze kwa kuangalia kitambaa cha Kikuba.

Tena vitambaa hivi vilikuwa mali. Watu walilipia navyo, walivitoa kwa mahari, waliwafunikia wafu. Neno «mbongo», ambalo sisi sote tunalijua kwa maana ya feza, asili yake ni jina la kitambaa cha rafia. Kwa hiyo mtu aliyevaa vitambaa vingi alikuwa amevaa utajiri wake mwilini.

III. Cheo na nguo

Lopes na Pigafetta wanaeleza mavazi ya zamani ya barazani, na tunaweza kuyafuata bila hofu.

Mwanamume mkubwa alifunga kitambaa cha rafia kutoka kiunoni kwenda chini, na mkanda wa kitambaa hichohicho. Mbele yake alining'iniza ngozi nzuri ya mnyama mdogo, kama fungo, kwa pambo. Kifuani na mabegani alivaa vazi la wavu lililofumwa kwa nyuzi nyembamba za rafia, lenye vishada kwenye ukingo wake. Jina lake ni nkutu. Kwa umbo lake linakaribia surplisi yetu, lakini ni wavu, na ukingo wake ulipandishwa begani kusudi mkono wa kuume uwe huru. Kichwani alikuwa na kofia ndogo ya kufumwa, yaani mpu, alama ya cheo. Begani aliweka mkia wa mnyama wenye mpini. Wengi walikwenda miguu mitupu, lakini mfalme na wakubwa wachache walikuwa na viatu vilivyofumwa kwa mchikichi.

Wanawake wakubwa walifunga nguo tatu, moja juu ya nyingine: ya kwanza ndefu mpaka visiginoni, ya pili fupi kidogo, ya tatu fupi zaidi, zote zenye nyuzi za kuning'inia. Kifua kilifunikwa kwa kitambaa, na juu ya mabega waliweka joho. Watu maskini, wanaume kwa wanawake, walivaa kutoka kiunoni kwenda chini tu, na kitambaa chao kilikuwa kigumu.

Basi nguo ilitenganisha watu. Kuwavika wachezaji wote sawa ni kusema kwamba Kongo haikuwa na serikali.

IV. Nguo iliyotoka ng'ambo

Sasa tuingie katika nguo za Ulaya. Rui de Pina anatuonyesha Nzinga a Nkuwu akipokea wageni mwaka 1491: kifua wazi, kofia ndefu ya rafia kichwani, bangili ya pembe ya ndovu mkononi, mkia wenye feza begani, na kiunoni kitambaa cha damaski alichopelekewa kutoka Ureno. Angalieni vema. Mfalme hakuvua vyake. Alichukua kitambaa kigeni akakifunga kwa namna ya kwao, kama vazi la baba zake.

Afonso, aliyetawala tangu karibu mwaka 1509 mpaka karibu 1542, alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1512 Mfalme Manuel wa Ureno alimtumia maagizo juu ya desturi za baraza, pamoja na ngao yenye mikono mitano inayoshika panga. Na wakati wa Lopes wakubwa wengi walikwisha kuvaa Kireno: majoho, kanzu za hariri, viatu vya veluru, upanga kiunoni, kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Wanawake wakubwa nao walivaa shela, kofia za veluru nyeusi na mikufu ya zahabu. Maskini waliendelea na nguo zao za zamani, kwa sababu hawakuwa na mali ya kununua nyingine.

Je, ya zamani yalikufa? Hapana. Mwaka 1608 António Manuel Ne Vunda, mjumbe wa Mfalme Álvaro II kwa Papa, alifika Roma mgonjwa, akafa baada ya siku chache. Akazikwa katika basilika ya Santa Maria Maggiore. Sanamu yake ya marmari, iliyochongwa na Francesco Caporale, iko pale mpaka leo. Imevaa nini? Nkutu, vazi lile la wavu. Mkristu huyu, mjumbe wa mfalme mkristu, amekaa karne nne katika basilika ya Bikira Maria akivaa vazi la mababu.

V. Bei ya nguo

Tukiishia hapa, mchezo wetu utakuwa mzuri kwa macho tu. Lakini veluru ile na damaski ile zilikuwa na bei, na wengine walizilipa kwa watu.

Mwaka 1526 Afonso alimwandikia João III, Mfalme wa Ureno, barua za kilio. Anaeleza kwamba wafanyabiashara wanaleta vitu vingi vya kutamanisha, na raia wake wanavitamani hata wanaacha utii. Ili kupata vitu hivyo wanakamatana wao kwa wao. Wanawateka wana wa inchi, wana wa wakubwa, hata jamaa za mfalme, na kuwauza usiku. Mfalme akaomba asiletewe tena wafanyabiashara wala vitu vyao, ila mapadri na walimu wachache wa shule, na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti. Baadaye mwaka uleule aliweka waangalizi watatu wa kuchunguza kila mtu anayeuzwa, kama ni mateka wa haki au ni mtu huru aliyeibwa.

Tusimfanye Afonso kuwa asiye na doa. Yeye mwenyewe alilipia vitu vya ng'ambo kwa mateka, na biashara ile haikukoma siku zake wala baada yake. Lakini aliona jambo ambalo wengi hawakutaka kuliona: tamaa ya kitambaa inaweza kumfanya mtu amuuze ndugu yake. Hilo ndilo moyo wa mchezo wowote juu ya Kongo ya karne ya 16, na nguo ndiyo inayolionyesha vizuri kupita hotuba ndefu.

VI. Mashauri kwa wanaotayarisha mchezo

1. Chagueni mwaka kwanza. Mavazi ya 1491 si ya 1590. Mwaka 1491 damaski ni ya mfalme peke yake au ya wachache. Karne ikiisha, baraza nzima linang'aa.

2. Feza kidogo mliyo nayo inunue rafia ya kweli kwa mfalme na wakubwa wawili au watatu. Raia wavae magunia ya katani yaliyofuliwa mpaka yakalainika, na ukingo ufumuliwe uwe nyuzi za kuning'inia.

3. Nkutu inaweza kufumwa na mtu yeyote anayejua kufuma wavu wa samaki. Mpu apewe mfumaji wa vikapo: aanze utosini na kuzunguka kwenda chini.

4. Msitumie vikwembe vya wax. Vinapendeza, lakini vilianza kufika Afrika mwishoni mwa karne ya 19.

5. Wareno wavae suruali fupi za kujaa mpaka magotini, soksi ndefu, kizibao na joho fupi. Wasivae kofia ngumu nyeupe ya wakoloni, wala nguo zenye zipu.

6. Wamisionari wa 1491 wasivikwe kanzu nyeupe na rozari shingoni kama Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa mwaka 1868. Wakapusini nao walifika Kongo mwaka 1645 tu, na Wayezuiti mwaka 1548.

7. Kwa heshima ya watazamaji, wanawake wote wafunikwe kifua. Wakubwa wa Kongo walifanya hivyo wenyewe, na kwa raia kitambaa kigumu kitatosha.

8. Wekeni katika mchezo sanduku moja la vitambaa vya ng'ambo. Mfanyabiashara alifungue mbele ya watu, rangi zote zionekane. Halafu, kando ya sanduku, asimame kijana mmoja amefungwa mikono, amevaa kitambaa kigumu cha rafia, bila kusema neno.

Ndugu waseminari na ninyi wakatekista, tunaowafundisha leo nao wanapenda nguo za kutoka mbali, na hiyo si zambi. Nzinga a Nkuwu alivaa damaski na kofia ya baba yake pamoja. Wafundisheni tu kuuliza, mbele ya kila kitu kinachong'aa sokoni, swali lile la Afonso: ni nani aliyelipa bei yake?