KUHARISHA GHAFLA: JINSI YA KUMHUDUMIA MGONJWA NYUMBANI (HASA SISI WA ARUSHA NA MERU)

Mvua zikianza huku kwetu, tumbo la kuendesha linakuwa habari ya kila mtaa. Nimeona niweke utaratibu mzima hapa, maana wengi wetu tukiharisha tunakimbilia kidonge cha kufunga choo. Jamani, kinachoua sio choo. Kinachoua ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa ndani ya saa chache tu, na ukiwa vijiji vya juu mlimani, gari la kukushusha mjini usiku ni la kubahatisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha maji.

1. MAJI YA ORS
Pakiti zinapatikana maduka ya dawa. Soma kwanza imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani. Nyingi ni za lita 1, ila zipo ndogo. Lita 1 ni chupa 2 za maji za nusu lita. Ile chupa kubwa ni lita 1.5, ukiijaza dawa inakuwa nyepesi. Ukipunguza maji inakuwa kali, na hiyo ni hatari kwa mtoto.

Huna pakiti? Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, sio vya mlima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Yakipita saa 24, mwaga utengeneze mengine.

Na hili ni la huku kwetu: USIWEKE MAGADI badala ya chumvi. Magadi tunayopikia makande sio chumvi ya mezani, na yana floraidi nyingi.

Kwa nini sukari? Kwenye utumbo sukari na chumvi huingia mwilini pamoja, na maji yanafuata. Mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko huu wakimbizi wa kipindupindu kule Bangaon, India. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4.

2. KIASI
Kila baada ya kuharisha: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100, miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mtoto mpe kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

3. MAJI YENYEWE
Chemsha mpaka yatokote. Kwa mwinuko wetu maji hutokota yapata nyuzi 95, sio 100, lakini joto hilo linaua vijidudu. Ila kuchemsha hakuondoi floraidi, tatizo linalojulikana sana maeneo kama Maji ya Chai. Mgonjwa asinyimwe maji kwa sababu hiyo: floraidi inaharibu meno na mifupa kwa miaka, kuharisha kunaua leo.

4. CHAKULA
Usimfungishe mgonjwa. Mtoto aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Mkubwa apewe uji, mtori, wali laini. Soda na juisi za dukani acha, sukari yake ni nyingi na inaweza kuzidisha kuharisha.

Kwa watoto ongeza vidonge vya zinki, ambavyo WHO na UNICEF wanavipendekeza tangu 2004: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Maliza dozi hata choo kikikaa sawa.

5. DAWA
Kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe. Usijinunulie antibayotiki wala Flagyl kwa kubahatisha. Dawa za kufunga choo kama loperamide usimpe mtoto kabisa, wala mtu mwenye damu kwenye choo au homa kali.

6. ONDOKA NYUMBANI HARAKA UKIONA
- choo chenye damu, au cheupe kama maji ya kuoshea mchele, tena kingi (hicho kinaweza kuwa kipindupindu)
- anatapika kila kitu, hawezi kunywa
- macho au utosi umebonyea, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole
- hajakojoa saa 6 au zaidi
- analegea, haamki vizuri, au ana degedege
- ni mtoto wa chini ya miezi 2
- siku 3 zimepita bila nafuu

Nenda kituo cha afya cha karibu, au Hospitali ya Mount Meru, na njiani endelea kumnywesha. Wanaobaki nyumbani wanawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kugusa chakula.

Pakiti mbili za ORS kabatini sio gharama. Ziweke leo, kabla tumbo halijaanza.

Nawasilisha. Wenye uzoefu, hasa wauguzi mlioko huku, ongezeeni.