Seva za bledi: programu dhibiti isasishwe kwa njia ipi?

Umefika SACCO kuchukua mkopo, unaambiwa mtandao unasumbua, rudi kesho. Mara nyingine tatizo haliko kwenye mnara wa simu. Liko kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi, ndani ya mashine zinazotunza hesabu za wanachama.

Mashine hizo huitwa seva. Baadhi ya ofisi hutumia seva za bledi, yaani seva nyembamba zinazochomekwa ubavu kwa ubavu ndani ya kasha moja na kugawana umeme, feni na njia za mtandao. Mfano unaojulikana sana ni makasha yaliyotengenezwa na HP ya Marekani: c7000, linalobeba seva 16 za ukubwa mdogo, na c3000, linalobeba 8. HP ilipogawanyika mwaka 2015, biashara ya seva ilikwenda kwa Hewlett Packard Enterprise, au HPE.

Programu dhibiti ni programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiambia namna ya kuwaka na kufanya kazi, kabla hata Windows au Android haijaanza. Simu yako nayo inayo. Tofauti ni kwamba simu hukuletea sasisho moja, unabonyeza, unasubiri, basi. Kwenye kasha la seva kila kipande kina programu yake: kisimamizi cha kasha kiitwacho Onboard Administrator, kompyuta ndogo ya iLO inayomwezesha fundi kuiwasha seva akiwa mbali, kadi za mtandao, diski, na Virtual Connect inayounganisha seva na mtandao wa nje. Vipande hivi huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Kimoja kikiwa kipya mno na kingine cha zamani mno, huenda visielewane.

Basi kwa nini visiachwe vilivyo? Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba iLO 4 yenye toleo la kabla ya 2.53 ilikuwa na kasoro ya ajabu: mtu aliyeifikia kupitia mtandao angeweza kuingia bila nenosiri, kwa kutuma herufi A 29 mahali fulani. Mbaya zaidi ni habari ya Novemba 2019. HPE ilionya kwamba baadhi ya diski zake za SSD zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data iliyomo isingeweza kurejeshwa. Ofisi nyingi huweka diski kadhaa ili moja ikifa nyingine zishike kazi. Lakini diski zilizowashwa siku moja zingekufa karibu wakati mmoja. Dawa ilikuwa sasisho la programu dhibiti, liitwalo HPD8, kabla saa hiyo haijafika.

Kusasisha nako kuna hatari zake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, seva inaweza kukataa kuwaka tena.

Fundi ana njia tatu. Anaweza kuchukua toleo jipya kabisa la kila kipande, kimoja kimoja. Anaweza kutogusa chochote mpaka itangazwe hatari. Au anaweza kutumia kifurushi ambacho mtengenezaji amekusanya matoleo yaliyojaribiwa pamoja. Kwa HPE kifurushi hicho ni Service Pack for ProLiant. Ofisi yenye kasha moja na fundi mmoja ichague njia hii ya tatu, na katikati iweke masasisho ya dharura tu, kama lile la diski. Njia ya kwanza inafaa wenye kasha la majaribio pembeni, na hao ni wachache.

Kuna suala la fedha pia. Tangu mwaka 2014 HP ilianza kudai dhamana au mkataba wa huduma kabla mteja hajapakua baadhi ya masasisho haya. Aliyenunua kasha lililotumika aliulizie hilo mapema. Faili la kupewa na rafiki kwenye flashi, hata kama ni la bure, lisiwekwe kwenye mashine yenye hesabu za watu.

Kwa kawaida huanza kisimamizi cha kasha, zikafuata seva zenyewe, Virtual Connect ikawa ya mwisho. Kwa matoleo ya zamani sana mpangilio huu hubadilika, na mengine hayaruhusu kuruka moja kwa moja hadi jipya: lazima kupitia toleo la kati. Haya yote yameandikwa kwenye maelezo ya kila toleo, na kuyasoma ni nusu ya kazi.

Kabla ya kugusa kitu, nakala ya akiba iwe nje ya kasha na jenereta iwe imejaribiwa. Kazi za seva moja huhamishiwa seva nyingine, ile iliyo tupu ikasasishwa na kuachwa ifanye kazi siku chache kabla ya kugusa ya pili. Moduli za Virtual Connect huwa mbili, nazo husasishwa kwa zamu. Hapo ndipo wengi hukwama: seva ambayo njia yake ya pili ya mtandao ilikufa zamani bila mtu kujua hutoka hewani pale moduli ya kwanza inapojizima.

Kama wewe ni mjumbe wa bodi ya SACCO, huhitaji kujua kuchomeka bledi. Muulize fundi diski zimefikisha saa ngapi, na lini alijaribu mara ya mwisho kurejesha data kutoka kwenye nakala ya akiba.