Posho, Meli na Giza: Wachimbaji wa Longyearbyen kabla ya Ndege

Meli ya mwisho ya mwaka ilipoondoka Adventfjorden, hori dogo lililo katika latitudo ya nyuzi 78 kaskazini, waliobaki ufukweni walijua kwamba hakuna atakayeingia wala kutoka mpaka barafu iachie, yaani Mei au Juni. Kabla Oktoba haijaisha jua nalo lilikuwa limezama, lisichomoze tena mpaka katikati ya Februari. Hivyo ndivyo mwaka ulivyogawanyika Longyearbyen, kijiji cha makaa ya mawe katika funguvisiwa la Svalbard, tangu kilipoanzishwa mwaka 1906 hadi miongo mingi baadaye. Wanaokiandika kijiji hiki huanzia hapo, kwenye baridi na giza, na wengi wao huishia hapohapo. Mchimbaji anakuwa shujaa anayepigana na maumbile, na kijiji kinakuwa uwanja wa pambano hilo.

Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanamficha mhusika mmoja mkubwa. Hoja yangu ni kwamba maisha ya kila siku ya Longyearbyen hayakuamuliwa na baridi wala giza, bali na kampuni iliyojua kuutumia ufungwa wa msimu. Barafu ilifunga njia, na kampuni ikawa mlango pekee uliobaki. Kitanda, sahani, mshahara, dawa na Biblia, vyote vilipitia mlango huo. Tukitaka kuwaelewa watu wale, tuanze na bwalo la chakula na daftari la duka, kisha ndipo tutoke nje kutazama theluji.

Kijiji kilianza kama mradi wa mtu. John Munro Longyear, mfanyabiashara wa Marekani, alifungua mgodi kupitia Arctic Coal Company, na makazi yakaitwa Longyear City. Mwaka 1916 mali yote ilinunuliwa na kampuni ya Wanorwei, Store Norske Spitsbergen Kulkompani. Wakati huo visiwa havikuwa chini ya dola yoyote. Mkataba wa Svalbard ulitiwa saini Paris mwezi Februari 1920 na kuanza kutumika Agosti 1925, ndipo Norwei ikapata mamlaka na kumleta gavana wake. Mpangilio huo una maana kubwa kwa hoja hii. Kampuni ilitangulia serikali kufika, nayo serikali ilipoingia iliwakuta watu tayari wanalishwa, wanatibiwa na kuadhibiwa na mwajiri wao. Hapakuwa na kijiji cha asili kilichokuwapo kabla ya mgodi, wala shamba la babu la kurudia mtu akishindwa. Mti hauoti pale, ardhi imeganda chini mwaka mzima, na nyumba husimamishwa juu ya nguzo ili joto la sakafu lisiyeyushe udongo na kuzizamisha.

Sasa twende bwaloni. Wachimbaji wengi walikuwa wanaume wasio na familia pale, wamepangwa katika mabweni ya Nybyen, Sverdrupbyen na kwingineko bondeni, na kila kundi la mabweni lilitegemea bwalo lake. Hakuna aliyejipikia. Chakula kililetwa na meli za kiangazi kikawekwa ghalani kungoja majira ya baridi. Kampuni ilifuga hata ng'ombe na nguruwe katika banda lake ili maziwa na nyama mbichi zisikosekane kabisa. Lugha yetu ina neno linalofaa hapa kuliko neno lolote nililokutana nalo katika maandishi ya Ulaya: posho. Kabla ya kuwa unga wa sima au fedha ya safari ya mtumishi wa umma, posho ilikuwa kipimo cha chakula cha siku alichopewa mpagazi wa msafara. Mpagazi aliyefika katikati ya nyika hakuwa na soko la kwenda, na aliyeshika kibaba ndiye aliyeamua kama mwendo utaendelea. Longyearbyen ya Februari ilikuwa msafara uliosimama mahali pamoja. Mchimbaji angeweza kumkasirikia mwajiri wake, lakini jioni angekaa kwenye meza ya mwajiri huyohuyo.

Meza zenyewe hazikuwa sawa. Makarani, wahandisi na wasimamizi walikuwa na bwalo lao, mbali na la wachimbaji, na makazi yao yalikuwa mtaa mwingine. Mke na watoto walikuwa kwanza haki ya watu wa daraja hilo. Nyumba za familia kwa wachimbaji zilikuwa chache sana kwa miongo mingi. Katika kijiji ambacho mtu angeweza kukivuka kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, palikuwa na mipaka ambayo kila mtu aliijua bila kuchorewa. Hata kileo kilikuwa na tabaka. Bia na pombe kali ziliuzwa kwa kadi ya mgao, lakini mvinyo haukuwekewa mgao, na maelezo yanayotolewa mpaka leo ni kwamba mvinyo ulihesabiwa kuwa kinywaji cha wakubwa. Sioni haja ya kutafuta ushahidi mwingine wa jinsi ngazi za jamii zinavyoweza kuingia ndani ya glasi.

Kwa zaidi ya nusu karne, kampuni ilitoa noti zake yenyewe. Mchimbaji alilipwa kwa karatasi zenye jina la mwajiri, akazitumia katika duka la mwajiri, na salio akalibadilisha kuwa krona za Norwei alipoondoka. Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba kusafirisha fedha taslimu hadi kisiwani kulikuwa na shida, na bila shaka kulikuwa nayo. Lakini matokeo yake hayakutegemea nia. Mshahara ulizunguka kutoka ofisini hadi kaunta na kurudi ofisini, na thamani yake ikaishia kwenye ufukwe uleule ambako meli zilikuwa zimekatika.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema machache, kwa kuwa imeandikwa sana. Milango ya migodi ilikuwa juu ubavuni mwa milima, na makaa yalishuka bandarini katika ndoo za chuma zilizoning'inia kwenye waya. Mara nyingi tabaka la makaa halikufika mita moja, na mtu alichimba amelala ubavu au anatambaa. Ndani ya mlima ulioganda joto lilikuwa nyuzi chache chini ya sifuri mwaka mzima, hivyo mgodi ulikuwa na nafuu kuliko nje wakati wa baridi kali. Nafuu hiyo ilikuwa na gharama. Mahali pasipo na maji, vumbi hubaki kavu, na vumbi kavu la makaa hulipuka. Januari 3, 1920, mlipuko katika Mgodi namba 1 uliua wanaume 26. Katika kijiji kidogo kilichofungwa na barafu, hapakuwa na mchimbaji ambaye hakuwa amekula meza moja na mmoja wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kongo atakuwa ameshahisi kwamba habari hii si ngeni. Mwaka uleule wa 1906 ambao Longyear City ilianza, Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa kuchimba shaba katika nchi ambayo Kiswahili kingekuja kuwa lugha ya kambi zake. Kule nako kampuni ilijenga nyumba, ikagawa posho, ikaendesha shule na hospitali. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina la Bana Shaba, watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Nalinganisha kwa tahadhari. Katanga ilikuwa ndani ya ukoloni wenye ubaguzi wa rangi na mjeledi. Mchimbaji wa Svalbard alikuwa raia mwenye kura katika nchi yake na chama cha wafanyakazi nyuma yake. Aliweza kumaliza mkataba na kwenda zake bila kutafutwa na askari. Kuziweka sawa habari hizi mbili kungekuwa kuwadhulumu waliokufa Katanga.

Hata hivyo kuna tofauti moja inayoangaza pande zote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliamua kwamba mfanyakazi mwenye mke kambini atadumu kazini, ikahimiza ndoa na kuwapimia posho wake na watoto. Longyearbyen wachimbaji wengi waliishi bila wake zao kwa miongo mingine kadhaa. Mwajiri wa Katanga alimfunga mtu kwa familia kwa sababu njia zilikuwa wazi na mtu angeweza kutoroka. Mwajiri wa Svalbard hakulihitaji fundo hilo, kwa kuwa barafu ilikuwa imelifunga bila malipo. Familia, inayoonekana kuwa jambo la faragha kuliko yote, ilikuja au ikakosekana kulingana na hesabu ya njia.

Kuna pingamizi zito kwa hoja yangu. Wengi walioishi Longyearbyen ya zamani huikumbuka kwa upendo, na wapo waliorudi msimu baada ya msimu kwa hiari yao. Je, ninawaambia kwamba hawakujua walichokuwa wanapenda? La. Nadhani utegemezi na upendo viliota kwenye shina moja. Mahali ambapo kila mtu analishwa na chungu kimoja, habari ya mmoja ni habari ya wote, na ukimya wa nje humlazimu mtu kumsikiliza jirani. Svalbardposten, gazeti la kijiji, lilianza mwaka 1948 likiwa gazeti la kubandikwa ukutani. Mwaka 1951 ilijengwa Huset, maana yake "Nyumba" tu, na humo mkafanyika sinema, ngoma na mikutano. Kanisa la mwaka 1921 lilikuwa limejengwa na kampuni, na kasisi wa kwanza ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa watoto. Kanisa hilo liliangamizwa na shambulio la Wajerumani la Septemba 1943, na lililofuata likafunguliwa mwaka 1958. Hata desturi ya kuvua viatu mlangoni, inayowashangaza wageni wa hoteli na makumbusho ya kule hadi leo, ilianza kwa sababu ya vumbi jeusi la mgodini. Haya yalikuwa mambo ya watu, na wao ndio walioyatia uhai, ingawa kuta na paa vilikuwa vya mwajiri.

Namna bora ya kuipima hoja yangu ni kutazama kilichotokea barafu ilipoacha kuwa kufuli. Kwa muda mrefu barua za majira ya baridi ziliangushwa kutoka ndegeni, mifuko ikaokotwa thelujini. Mwaka 1959 ndege zilianza kutua katika bonde la Adventdalen, kwenye ardhi iliyogandishwa na baridi. Mwaka 1975 ukafunguliwa uwanja wa kudumu. Kama baridi na giza ndivyo vilivyoyaunda maisha ya kijiji, basi maisha hayo yangebaki yalivyokuwa, kwani jua halikubadili ratiba yake. Badala yake, katika miongo iliyofuata noti za kampuni zikatoweka, familia za wachimbaji zikaongezeka, mwaka 1989 huduma za mji zikatenganishwa na kazi ya mgodi, na mwaka 2002 wakazi wakapata baraza la kuchaguliwa. Kilichobadilika kilikuwa njia. Mtu aliyeweza kununua tiketi hakuweza tena kutawaliwa kwa sahani.

Sisemi kwamba ndege ndiyo ukombozi wote. Ny-Ålesund, kijiji jirani cha makaa kaskazini zaidi, hakikuwahi kuwa na uwanja kama huo, na bado mlipuko wa Novemba 1962 uliowaua watu 21 uliutikisa mji mkuu wa Norwei. Mgodi ule ulimilikiwa na serikali. Bunge lilidai maelezo kuhusu usalama, na Agosti 1963 serikali ya waziri mkuu Einar Gerhardsen ikaanguka. Uchimbaji Ny-Ålesund ukakoma. Tukio hilo linanifanya nitilie shaka neno "mbali" lenyewe. Vijiji hivi havikuwa mbali kwa wanahisa wala kwa mawaziri, ambao telegramu iliwafikia majira yoyote tangu kituo cha redio kilipofunguliwa Svalbard mwaka 1911. Vilikuwa mbali kwa yule aliyelala bwenini akihesabu miezi mpaka meli.

Jua, kwa sababu ya milima, halifiki katikati ya Longyearbyen mpaka Machi 8, wiki kadhaa baada ya kurudi angani. Watu hukusanyika kulisubiri kwenye ngazi za hospitali ya zamani, watoto wakiwa mbele. Hospitali ile ilikuwa ya kampuni, na jengo lake halipo tena. Mgodi wa mwisho wa Wanorwei visiwani, namba 7, ulifungwa mwaka 2025. Ngazi zipo pale, zikipanda kuelekea mlango usiokuwapo, na mwanga unapozigusa watu hupiga kelele za furaha.