Mkongo Ukikatika Baharini, Usiilaumu Ruta

Wadau, intaneti ya nyumbani ikigoma, wengi tunakimbilia kuzima na kuwasha ruta. Si vibaya, maana kasoro nyingi ziko humo humo ndani. Ila nyingine ziko chini ya bahari.

Hadi 2009 ukanda wetu ulitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Julai mwaka huo ukaja mkongo wa SEACOM, kisha TEAMS wa Mombasa, na 2010 EASSy. Tukashangilia kana kwamba shida imekwisha.

Februari 2012 nanga ya meli ikaukata TEAMS karibu na Mombasa. Siku chache kabla, EASSy ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu. Februari 2024 SEACOM nayo ikakatika huko huko. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Somo ni hili: kuwa na mikongo mingi si kuwa na njia nyingi, kama yote inapita mlango mmoja.

Kwa hiyo ikikatika, jaribu simu yenye laini ya kampuni nyingine. Ikifanya kazi, tatizo ni ruta yako au kampuni yako. Zote zikigoma, kuzima na kuwasha hakusaidii. Na kabla ya kulipia laini ya pili, waulize: data zenu zinapita mkongo gani? Ukiwa ule ule, umenunua tatizo moja mara mbili.