Damu ya Mninga
Ndugu msomaji, cheka ukishamaliza. Babu yangu wa Matombo, Uluguru, aliugua nasuri, yaani kitundu kitoacho usaha kando ya njia ya haja kubwa. Kwa aibu alituambia eti mgongo. Usiku akijipaka utomvu wa mninga, mwekundu kama damu. Utomvu ule una tanini, hukaza ngozi na kukausha kidonda cha juu. Lakini nasuri ni handaki: juu pakiziba, ndani usaha unabaki. Maradhi hayo hayo yalimpata mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Mwaka 1686 akapasuliwa, akapona, habari zikaenea Ulaya. Ya mfalme yameandikwa. Ya babu niliyajua siku tulipomwosha. Majina ya miti wazee walituachia. Ya maradhi yao wakazikwa nayo.