Steringi Hafi: Msindikizaji Je?

Kama umewahi kukaa kwenye kibanda cha video, benchi la mbao linakuuma na mbele yako kuna vichwa arobaini na televisheni moja, basi sheria ya kwanza ya sinema unaijua: steringi hafi. Apigwe risasi, ghorofa imwangukie, gari litumbukie baharini, wewe tulia. Atainuka. Anayekufa ni yule jamaa aliyekuwa anatembea nyuma yake, yule ambaye hata jina lake hukulishika vizuri. Tumwite msindikizaji.

Kwenye filamu za kutisha za anga za juu, sheria hii huwa kali zaidi. Katika mfululizo wa Star Trek wa miaka ya 1966 hadi 1969, mabaharia waliovaa mashati mekundu walishuka kwenye sayari ngeni na kufa mara kwa mara, mpaka mashabiki wakaligeuza “shati jekundu” kuwa jina la mtu yeyote aliyeandikwa kwenye hadithi ili afe tu.

Halafu mwaka 1979 ikaja Alien ya Ridley Scott. Chombo kinaitwa Nostromo. Ndani mna watu saba na paka mmoja. Wawili kati yao, Parker na Brett, ni mafundi. Wenzao wanakaa juu penye viti na taa, wao wako chini penye mabomba na mvuke. Na unajua jambo la kwanza wanalolalamikia? Si dubwana. Ni malipo. Mgao wao ni nusu ya ule wa wenzao, na kila wakiuliza wanaambiwa mkataba ni mkataba.

Brett anakufa akiwa ametumwa kumtafuta paka. Kwa mtu wa Lamu hilo linachekesha na kuuma kwa pamoja, maana huku paka ni wengi kuliko punda na hakuna anayetumwa kumtafuta hata mmoja. Parker, aliyechezwa na Yaphet Kotto, anakufa akijaribu kumwokoa mwenzake. Anayebaki ni Ripley, na paka. Katikati ya filamu tunagundua kwamba kampuni iliyowaajiri ilikuwa imetoa amri ya siri: dubwana liletwe salama, wafanyakazi wakipotea si kitu. Hata aliyekuwa ndani ya vazi la dubwana, Bolaji Badejo, kijana mrefu mno kutoka Nigeria, watu wengi walimaliza filamu bila kuiona sura yake.

Sasa twende Shela.

Leo Shela ni mchanga mweupe, vilima vya mchanga, watalii na boti. Kutoka mji wa Lamu unafika kwa miguu ukiambaa na pwani, au kwa boti kwa dakika chache. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19, karibu na mwaka 1812, ufuo huu ulishuhudia vita ambavyo watu wa visiwani bado wanavisimulia.

Pate, kisiwa jirani, kilikuwa chini ya masultani wa ukoo wa Nabahani. Kwa muda mrefu Pate ilijiona mkubwa wa funguvisiwa lote, na Lamu ilikuwa imechoka kuambiwa hivyo. Pate ikaungana na Mazrui, watawala wa Mombasa. Jeshi likapakiwa kwenye vyombo na kushushwa Shela. Watu wa Lamu wakatoka kupigana, na jeshi la wageni likavunjika. Waliobaki wakakimbilia vyombo vyao.

Maji yalikuwa yamekupwa.

Kama hujakulia kando ya bahari, hebu simama kidogo hapa. Maji ya bamvua yakitoka, yanatoka kwelikweli. Pale ulipoogelea asubuhi, mchana unatembea. Chombo ulichokiacha kikielea unakikuta kimelala ubavu juu ya mchanga, kizito kama nyumba, na hata mkiwa wanaume thelathini hamkisogezi. Huwezi kuibembeleza bahari irudi mapema. Mbele yako kuna jahazi lisilokwenda, na nyuma yako kuna watu wenye mikuki na hasira ya kuvamiwa. Unasubiri saa kadhaa ambazo huna. Sijaona filamu ya kutisha iliyobuni mtego kama huo.

Walikufa wengi. Kwa miaka mingi baadaye, upepo wa kusi ulipohamisha mchanga, mifupa ilijitokeza vilimani. Hakuna makaburi yenye majina yao.

Na steringi je? Mazrui waliendelea kuitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, miaka ishirini na kitu baada ya Shela. Nabahani nao hawakufutika: nguvu ya Pate ilishuka, lakini baadaye tawi la ukoo huo lilihamia bara na kusimamisha usultani mwingine huko Witu. Walioamua vita walipata nafasi ya kushindwa, kupanga upya na kuendelea. Waliotumwa hawakupata hata chombo cha kurudi.

Utaniambia: ngoja kwanza, hawa walikuja kuvamia. Ni kweli. Lamu ilikuwa inalinda watu wake, na mimi siwezi kumwambia mtu wa mwaka 1812 aweke mkuki chini kwa sababu adui yake anatia huruma. Lakini kumhurumia mtu si lazima umpe haki. Katika kila jeshi lililoletwa kwa bahari kuna mpiga kasia, kuna mchota maji, kuna kijana aliyekuja kwa sababu bwana wake amekuja. Wote walikimbilia maji yaleyale yaliyokuwa hayapo.

Hata ushindi wenyewe ulikuwa na bei. Lamu, ikihofia kisasi, ilimwomba ulinzi Sayyid Said bin Sultan wa Oman. Ulinzi ukaja, na liwali akaja nao. Ile ngome kubwa pale mkunguni, iliyokamilika karibu na mwaka 1821, baadaye ikawa gereza na ikabaki gereza mpaka 1984. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya adui wa nje zikaishia kufungia watu wa ndani.

Fasihi yetu imeikumbuka zama hiyo, lakini kama kamera, imechagua wa kumwangalia. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiitazama Pate iliyoporomoka, na hakuna aliyeomboleza mji kwa uzuri kama yeye. Lakini anaowalilia zaidi ni matajiri na majumba yao yaliyojaa taa. Kila nikiisoma najiuliza: taa hizo nani alizitia mafuta? Ingia nyumba ya mawe ya zamani Lamu. Juu kuna vyumba vya wenyewe, vidaka ukutani, plasta iliyochongwa. Chini, karibu na mlango, mara nyingi palikuwa pa mizigo na pa watumwa. Ni Nostromo ileile: juu viti, chini mabomba. Na sheria ya kuwaacha huru watumwa wa pwani hii haikuja mpaka mwaka 1907.

Lakini kuna hadithi moja ya visiwani inayovunja sheria ya kibanda cha video, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Zheng He, amiri wa Kichina, alisafiri Bahari ya Hindi kati ya 1405 na 1433. Huyo ni steringi hasa: ana merikebu, ana mfalme nyuma yake, ana sanamu mpaka leo. Simulizi za Pate zinasema kwamba mabaharia wa Kichina walivunjikiwa chombo karibu na Shanga, wakaogelea mpaka pwani. Wenyeji walikuwa wanasumbuliwa na chatu mkubwa. Wageni wakamuua, ndipo wakaruhusiwa kukaa, wakasilimu na kuoa. Mwaka 2005 msichana mmoja wa Siyu, ambaye familia yake inajihesabu kuwa ya kizazi hicho, alipata ufadhili wa kwenda kusoma China.

Si lazima uichukue simulizi hii kama cheti cha kuzaliwa. Itazame kama hadithi. Chombo kimeharibika mahali pageni, kuna dubwana, na waliobaki ni mashati mekundu watupu, steringi ameshaondoka na merikebu zake. Kwa sheria za sinema walipaswa kufa mmoja mmoja. Watu wa Pate wakaisimulia vingine: dubwana likafa, mabaharia wakapewa maji, mahali pa kulala na wachumba. Wasindikizaji wakawa mababu.

Kwa hiyo rudi nami kwenye kile kibanda. Taa zimezimwa, Brett anaingia peke yake kwenye chumba chenye minyororo, anamwita paka. Sikiliza ukumbi. Steringi hakuna anayempigia kelele, maana atapona, tunajua. Kelele zote ni za huyu fundi wa nusu mgao. “We! Usiingie humo! Muache paka! Rudi!” Mtoto wa miaka minane amesimama juu ya benchi, na anamaanisha.

Siku moja ukiwa Shela na maji yamekupwa, utaona boti zimelala ubavu mchangani. Tembea kutoka vilimani mpaka pale bahari inapoanzia, uhesabu hatua zako. Kisha fikiria kwamba unakimbia, na hakuna mtu nyuma yako anayepiga kelele akutakie mema.